Alama Sita za Majivu

Mimi ni mtu wa miguu mizito. Nalisema hilo kwanza, maana walionifahamu ukubwani kwa tenisi ya meza hudhani nilizaliwa mwepesi. Wepesi wangu niliutafuta kwa majivu, katika kijiji cha Ujamaa si mbali na Kwihara, na aliyeumia kwa ajili yake ni shangazi yangu.

Mchezo nilijifunza shuleni, Tabora mjini. Mwalimu wetu hakujali sana mkono. "Mkono wowote unaweza kupiga mpira," alikuwa akisema, "ila miguu iufikishe kwanza." Nilipomaliza shule nikarudi kuishi na shangazi, dada yake baba, mjane asiye na mtoto, ambaye ndiye aliyenilea. Kijijini hakukuwa na meza wala raketi. Kulikuwa na ardhi tu. Basi nikachota majivu jikoni, nikachora alama sita: mbili mbele, mbili pembeni, mbili nyuma. Kila alfajiri, kabla ya kwenda shamba la kijiji, nilisimama katikati peku, magoti nimeyakunja kidogo, nikarukia alama moja na kurudi katikati, nikaenda nyingine na kurudi. Ngumu kuliko zote zilikuwa zile za nyuma, kwa sababu huruhusiwi kugeuka. Unarudi kinyumenyume, macho yako mbele, kwenye mpira ambao haupo.

Kosa langu lilikuwa mahali. Uwanja wetu ulijaa mashimo ya visiki, na ardhi iliyokuwa sawa ilikuwa nyuma ya nyumba ya jirani. Sikuomba ruhusa. Nikimaliza naondoka, alama naziacha.

Lazima nieleze kijiji kile kilivyokuwa. Tuliletwa pale kutoka huku na huku, tukapangwa kwa mistari, kila nyumba kumi na balozi wake. Jirani hukumchagua. Huyu katoka Nzega, huyu Igunga, huyu mjini na tasbihi yake. Asubuhi tulisalimiana "mwangaluka", jioni kila mtu akafunga mlango wake kwa gogo. Tulilima pamoja, lakini hatukujuana.

Kisha mtoto mchanga wa yule jirani akashikwa na homa. Mama yake akatoka nyuma ya nyumba, akaona majivu, na katikati ya majivu nyayo za mtu aliyekuwa akienda kinyumenyume kuelekea ukuta wake. Kwetu, anayeijia nyumba ya mwenzake kinyumenyume ni mchawi. Nililijua hilo tangu utotoni, kama mtu yeyote wa kule, na bado halikunijia hata siku moja nilipokuwa nikiruka pale. Akili yangu yote ilikuwa miguuni.

Balozi akaita kikao. Majivu yanatoka jikoni, watu wakasema, na jiko la karibu ni la yule mjane asiye na mtoto. Mimi nilikuwa nimeketi mkekani nyuma ya shangazi. Ningeweza kusimama na kusema, "Ni mimi, nafanya mazoezi," yakaisha. Lakini nilikuwa nasubiri barua ya ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji, niende mjini kwenye majaribio ya timu ya mkoa. Ulikuwa msimu wa kulima, na bila barua hakuna aliyetoka. Nikajiambia: nikisema sasa watanikasirikia, barua itakwama. Nitasema nikirudi.

"Mama, majivu haya ni yako?" balozi akamwuliza.

"Majivu ni ya jikoni kwangu," shangazi akajibu. "Mengine waulizeni wanaoyajua."

Akageuka, akanitazama, si kwa muda mrefu. Nikajishughulisha na pindo la kanga yangu.

Barua niliipata kesho yake. Mjini nilicheza vizuri, na hilo ndilo linalonikera hadi leo, heri ningeshindwa. Miguu ilinifikisha kila nilipotaka, nikachaguliwa. Niliporudi baada ya siku nne, nyumba yetu ilikuwa tupu. Hakupigwa, namshukuru Mungu. Waliacha tu kuitikia salamu zake, na akifika kisimani wanawake walibeba ndoo zao wakaondoka, zimejaa hazijajaa. Siku ya tatu alifunga mkeka na sufuria, akapanda lori kwenda kijiji cha Choma, kwa ndugu zake.

Nilikwenda moja kwa moja kwa balozi, nikamwaga yote. Hakunielewa. Basi nikachora alama sita mbele ya mlango wake, mchana kweupe, nikaruka mbele, pembeni, nyuma, mpaka watu wakajaa. Wengine walicheka. Mama wa yule mtoto hakucheka. Mwanawe alikuwa keshapona. Yeye alikaa chini akashika kichwa. Wakaniambia, nenda kamlete, tutamwomba radhi.

Nilimkuta Choma anapeta mtama. Nikampa shikamoo, akaitikia. Nikamweleza kwamba kijiji kizima sasa kinajua ukweli, kwamba balozi mwenyewe atasimama mbele ya watu kumwomba radhi, kwamba nimechaguliwa kwenye timu. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono haikusimama.

"Hongera kwa timu," alisema. "Wale nimewasamehe, mwanangu. Wale walikuwa hawajui."

Nikangoja aendelee. Akamimina mtama kapuni, akachota mwingine kwenye ungo, akaanza kupeta upya.