Vidonge viwili saa ya kufuturu

Siku ile wodini tulikuwepo watano. Mdogo wangu wa kike, mimba yake ya miezi saba. Shangazi yetu, aliyetoka Somanga na chupa ya uji. Muuguzi wa zamu. Daktari, aliyekuja mwishoni. Na mimi, dada mkubwa, niliyeacha shule darasa la sita mama alipomfuata baba kaburini.

Uchungu ulikuwa umemwanza mapema. Muuguzi alinipa bahasha ya vidonge vya kuutuliza.

"Kimoja kila baada ya saa sita, dada. Tunataka siku mbili tu, sindano za kukomaza mapafu ya mtoto zifanye kazi. Moyo ukimwenda mbio, niite."

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Mdogo wangu alikataa kula mchana.

"Mgonjwa halazimiki kufunga," shangazi alimwambia.

"Mbona wewe una kisukari na unafunga?"

"Sukari yangu nimeizoea, kama mume."

Wakanitazama mimi. Nilimlea tangu ana miaka minne, na kufunga nilimfundisha mwenyewe. Nikasema kidonge cha adhuhuri kingoje, atakimeza pamoja na cha magharibi.

Alivimeza vyote viwili kwa uji. Haikupita saa, uso ukamwaka, akashika kichwa. "Dada, moyo unanigonga kama unataka kutoka." Akainuka kwenda chooni, akaanguka.

Muuguzi alipima presha, akakunja uso. "Amemeza vipi?"

"Kama ulivyosema."

Shangazi alinitupia jicho, kisha akajishughulisha kufunga chupa yake.

Daktari akasema dawa imemkataa, isimamishwe. Alfajiri mtoto akazaliwa, kabla ya sindano ya mwisho. Wiki tano tulipokezana kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Ameishi, ila kipupwe kikiingia kifua kinambana, nami hulala nimekaa.

Sasa mdogo wangu ana mimba nyingine. Wiki iliyopita, kliniki ya Masoko, nilikuwa kando yake nimempakata mtoto nilipomsikia akisema, "Ile dawa msinipe kabisa, ilitaka kuniua." Wakaandika kwenye kadi yake kwa wino mwekundu.

Njiani akanishika mkono. "Bila wewe, dada, ningekufa siku ile."

Nikamwambia tumshukuru Mungu. Mwezi wa saba wa mimba unaingia karibuni, na ukweli anaonidai bado sijampa.