Jipu ya jeshi, benchi ya seremala, na mukwe asiyeambiwa "simama"

Wakuu, musinisalimie sana leo, niko na hasira.

Kila nikiweka picha ya gari ya jipu humu, kijana mmoja anakuja kunifundisha. Eti majipu yote yalitoka kiwandani sawasawa. Mimi niliyeacha shule primaire ya tatu, nikafungua garaji yangu mwenyewe Masisi bila mjomba wa kunisukuma, na leo wenye diplome wananiletea magari yao, nifundishwe jipu?

Kaeni. Hii niliisikia kwa baba yangu, na mama alikuwa pembeni akimukosoa kila alipotaka kuongeza chumvi. Kwa hiyo ni kweli tupu.

Vita ya wazungu ilipokwisha, majipu ya jeshi yakaanza kuuzwa kwa raia, yakafika mpaka kwenye milima yetu. Baadaye, miaka ya hamsini, tukaona na yale yaliyotengenezwa kwa raia toka mwanzo: nyuma panafunguka, gurudumu la akiba liko ubavuni, kifuniko cha esanse kiko nje. Unatia petroli bila kusumbua mutu.

Ya jeshi haikuwa hivyo. Tanki iko chini ya kiti cha shofere. Unashuka, unainua kiti, njo unaona tundu. Askari hana shida na hilo. Askari anaambiwa shuka, anashuka.

Sasa baba alikuwa shofere wa mzungu mmoja wa shamba, upande wa Nyamitaba. Huyo akanunua ya jeshi, akataka iwe ya raia. Akaipaka rangi nyeupe. Sawa. Halafu akasema viti vinamuumiza mgongo, akaita seremala. Seremala akatoa viti vya mbele, akaweka benchi moja ya mbao, upana wote wa gari, na godoro juu.

Nzuri kuangalia. Lakini jamani, tanki? Toka siku ile, ukitaka kutia esanse, wote wa mbele washuke kwanza, ndiyo benchi iinuliwe. Seremala alipoulizwa, akasema yeye ni wa mbao, mambo ya esanse hayamuhusu. Nikimufikiria mutu yule, kichwa kinaniuma mpaka leo.

Wakati ule baba alikuwa anaposa mama yangu, binti wa wafugaji wa Nyamitaba. Mzee, baba ya huyo binti, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu anataka kwenda Walikale kumuona binti yake mkubwa aliyeolewa kule, na huyu shofere ampeleke, ili yeye mzee amuangalie njiani. Mzungu akakubali kuazima jipu.

Mumeelewa? Safari njo ilikuwa mtihani.

Asubuhi baba anatoka na bido, yaani dumu ya esanse, mkononi, anakuta mzee amekwisha panda. Amekaa mbele, kofia kichwani, fimbo kati ya magoti. Mke wake, yaani bibi yangu, iko nyuma na kibuyu cha maziwa.

Kwa watu wa kwao, mukwe akisha kukaa, wewe unayeposa haumuambii ondoka. Ni kama kumuambia simutaki binti yako. Baba akaangalia bido, akaangalia mzee. Akafunga bido nyuma, akawasha gari. Sindano ya kuonyesha esanse imebaki ngapi ilikufa tangu jeshini, kwa hiyo alikuwa anaendesha kwa maombi.

Wakapita Masisi. Wakapita Nyabiondo. Baba akauliza kwa upole kama Papa, yaani mzee, hataki kunyoosha miguu kidogo. Papa akajibu miguu yake imenyooka tangu azaliwe.

Kule msituni, kabla ya Walikale, jipu ikakohoa, ikazima.

Hapa njo nachoka kabisa, wakuu. Bido imejaa, iko nyuma. Tundu liko chini ya benchi aliyokalia mzee. Na baba, mwanaume mzima, anafungua boneti, anapangusa vyuma visivyo na uchafu! Anamuambia mzee gari imechoka, inapumua. Mzee anakubali, hata ng'ombe inapumua.

Bibi njo alichoka wa kwanza. Akauliza bido ile ni ya nini. Baba akasema ni chakula ya gari.

"Na mudomo yake iko wapi?"

Baba akaangalia benchi, pale mzee alipokaa. Bibi akaelewa, akacheka mpaka maziwa yakamwagika. Akamuambia mume wake, "Papa, umeikalia mudomo."

Mzee akashuka polepole. Hakucheka.

"Wewe shofere. Binti yangu akigonjwa, unikute nimelala, utaogopa kuniamusha?"

Baba akageuka, akafungua bido kule nyuma.

"Basi heshima yako itamuua. Sikupi."

Baba akainua benchi, akaanza kumimina. Mzee naye, kwa hasira, akasimama palepale kwenye tundu, akatoa kiko, akatoa na kiberiti.

Baba anasema hakufikiri. Aliweka bido chini, akamushika mkono ule wa kiberiti.

"Hapana, Papa. Ondoka hapa. Enda ukae kwenye lile jiwe, usirudi mpaka nikuite."

Mzee akamuangalia. Akaenda. Mvua ikaanza, na yeye yuko tu kwenye jiwe, mpaka alipoitwa.

Walipofika Walikale, alimuambia binti yake mkubwa maneno mafupi: "Huyu njo shemeji yako. Ananiamurisha."

Nilichojifunza: kitu kinachoweza kuwaka, sema mapema, hata kama ni kwa mukwe. Na ukitaka kugeuza gari la jeshi liwe la raia, usimuite seremala peke yake. Muite na shofere.

Haya, wataalamu wa picha, uwanja ni wenu. Nani humu amewahi kutia esanse jipu ya jeshi kwa mkono wake? Atakayesema tundu liko ubavuni, mimi simujibu.