Wewe ni wa Nani Hapa Hospitali?

Mjini Nyeri siku hizi ukiona watu wanachimba msingi, usiulize wanajenga nini. Ni hospitali. Kama si hospitali ni maabara, kama si maabara ni mahali pa kupiga picha ya mifupa, na kama si hayo yote ni chuo cha kufundisha wasichana kudunga sindano. Ile baa niliachia ujana wangu sasa ni kliniki ya figo. Kaunta bado ni ile ile. Pale nilikuwa naegemea nikiongea uongo, kuna dada wa nguo ya kijani anauliza watu kadi ya bima.

Watu wanasema ni maendeleo, ati kazi zimeongezeka. Mimi nilishuku tangu mwanzo. Kiwanda cha maziwa kikifunguliwa, unajua kuna maziwa. Sasa hospitali nne zikifunguliwa kwa barabara moja, wenyewe wamejua nini juu yetu ambayo sisi hatujajua? Nikimwangalia mtu wa huku kwetu akipanda mlima na gunia ya viazi mgongoni, simuoni mgonjwa. Lakini mtu hajengi ghorofa tano kwa sababu ya homa.

Basi nikaenda kuomba kazi huko huko. Kushuku ni kushuku na tumbo ni tumbo.

Masomo yangu mimi yaliishia kidato cha pili. Sikufukuzwa. Mimi na mwalimu wa hesabu tulikubaliana bila kuongea kwamba tusisumbuane. Baada ya hapo nimefanya kila kazi ambayo haiulizi karatasi, na wakati huo nilikuwa natoa kabichi Giakanja nikileta soko ya mjini. Siku moja nikaona tangazo limebandikwa kwa mlingoti wa stima: hospitali mpya inatafuta pota, yaani mtu wa kusukuma vitanda na viti vya wagonjwa. Fomu yao ilikuwa kurasa nne. Nilijaza zote. Walipouliza napenda kufanya nini wakati wa kupumzika, niliandika kupumzika. Walipouliza ni nani anaweza kunisifu, niliandika mama yangu.

Siku ya interviu tulikaa kwa benchi watu sita. Wale watano walikuwa wamevaa vizuri na hakuna aliyekuwa anatetemeka. Mmoja akaniuliza, "Na wewe, nani amekutuma?"

"Nimejileta."

Walicheka mpaka mlinzi akachungulia. "Huyu amejileta! Kama ng'ombe imejipeleka sokoni yenyewe!"

Ndani kulikuwa na wakubwa watano kwa meza, na pembeni mtu wa HR, yule wa kuajiri, mwanaume mwembamba mwenye miwani ya kuning'inia kifuani. Ni yeye aliyeuliza swali moja tu. "Unajua nani hapa?"

"Sijui mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mlinzi wa geti tumesalimiana leo mara ya kwanza."

Wakaangaliana. Wiki iliyofuata nikapigiwa simu kwamba kazi ni yangu.

Sitadanganya, niliogopa. Mama yangu aliogopa kunishinda. "Kazi haipeanwi hivyo," akasema. "Wamekupima damu?"

"Wamepima. Ni lazima kwa kila mfanyakazi."

"Ngai! Hao wanataka figo yako."

Nikamwambia hiyo ni ujinga ya watu wa kijiji. Halafu kutoka siku hiyo nilikuwa nasukuma vitanda kwa mkono mmoja, mwingine nimeushikilia kiunoni.

Sasa ngoja nieleze kitu ya hapa kwetu. Ukiingia kazini mahali pazuri, swali la kwanza si jina. Ni, "Wewe ni wa nani?" Haiulizwi kwa ubaya. Ni kama kuuliza mtu ametoka upande gani. Pale hospitali kila mtu alikuwa wa mtu. Mama wa mafaili alikuwa wa mwenyekiti. Mpishi alikuwa wa mama mkwe wa daktari mkubwa. Hata yule wa kukata nyasi, na nyasi yenyewe ilikuwa kiasi ya kitambaa cha mkono, alikuwa wa mwenye maabara. Na mimi nikiulizwa nasema, "Mimi si wa mtu."

Wiki ya kwanza walicheka. Wiki ya pili hawakucheka. Wiki ya tatu nikapita karibu na dirisha la jikoni nikasikia mpishi akisema, "Anakataa kabisa kusema. Na mtu hafichi mtu mdogo. Huyo wake lazima ni mkubwa sana."

Mambo yakabadilika. Nesi mmoja aliyekuwa ananipigia kelele kama mbuzi ameingia kwa sukuma wiki akaanza, "Wa maitu, ndugu yangu, ukipata nafasi nisaidie na kitanda ya pili, usijali ukichelewa." Sahani yangu ikaanza kupata nyama ambayo wengine hawakuiona. Kazi ya kupeleka maiti mochari, ambayo ni ya pota, ikawa ya pota mwingine. Nikiingia chumba cha chai, maongezi yanakatika, halafu mtu anauliza kama mvua itanyesha. Waliniona mpelelezi. Mimi nami niliwaona kama watu wananinonesha, kwa sababu ng'ombe hapewi chumvi bure.

Ningewaambia nini? Ukweli nilikuwa nimeshausema. Na nyama ni nyama.

Mtu mmoja tu hakuniogopa. Alikuwa klina, mama wa kutoka upande wa Kakamega, ambaye bwana yake alikuwa polisi hapa Nyeri, akahamishwa Turkana, na huko akahama na kwa ndoa pia. Akabaki na watoto wawili shuleni na kibarua cha kupiga deki. Nikipita na kitanda, alikuwa ananipigia kelele, "Wewe! Toa hiyo miguu, unakanyaga mshahara wangu!"

"Pole, mama. Nipitie wapi sasa, hewani?"

"Nyinyi watu wa mlima si mnajua kupanda? Panda ukuta!"

Ndiye nilikuwa nakunywa naye chai. Hakuwahi kuniuliza mimi ni wa nani. Nilidhani hajasikia.

Halafu HR akatangaza kwamba jengo la pili linafunguliwa. Klina walikuwa kumi na wawili, wote wa kibarua cha siku. Wanne wangepewa kazi ya kudumu, na wale wanane waende nyumbani mwisho wa mwezi. Jioni hiyo hiyo, yule mama akanifuata mpaka mahali tunaegesha viti vya magurudumu.

"Ndugu yangu," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kunipigia kelele, "mimi sijawahi kukusumbua."

"Hujawahi."

"Niongelee kwa mtu wako. Nikikosa hii, narudi Kakamega na watoto, na huko hakuna kitu imebaki yangu."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Lakini mtu akikuangalia kama wewe ndiye mlango, ni vigumu kumwambia wewe ni ukuta. Nikasema, "Sawa mama, nitaongea."

Jumanne nikamkuta anaimba akikamua mopu. Akaniambia, kama mtu anayesimulia kichekesho, kwamba kliniki moja ya Mwea imempa kazi. Ya kudumu, kusaidia wodi ya akina mama, na chumba cha kulala juu yake. Wanataka jibu Ijumaa.

"Na umewaambia nini?"

"Nimewaambia wangoje wangoje tu. Mwea na hiyo joto niende kufanya nini, na wewe uko hapa?"

Nilikuwa nimekula nyama ya uongo miezi mitatu bila shida, sasa uongo wenyewe ulikuwa umeanza kula mtu.

Jumatano nikaenda kwa HR. Sikuwa nimewahi kuingia pale tangu interviu. Nikamwambia kuna klina fulani, anafanya kazi vizuri, ako na watoto, tafadhali amfikirie. Akavaa ile miwani. Sikuwa najua inafanya kazi.

"Wewe unamwombea kama nani?"

"Kama mimi tu."

Akacheka kidogo. "Unajua wewe uliajiriwaje?"

"Nilidhani ni ile fomu. Nilijaza kurasa zote."

"Fomu gani?" Akatoa miwani. "Sikiliza, kijana. Wale wakubwa watano, kila mmoja alikuwa ameleta mtu wake pale kwa benchi. Nafasi ni moja. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mimi nikawaambia, kuna huyu wa sita ambaye si wa mtu. Tukimpa yeye, hakuna atakayekasirikia mwenzake. Wakakubali. Hivyo tu."

Miezi mitatu nimeshika figo, na kumbe niliajiriwa ili wazee watano wasikosane.

"Sasa umeanza kuwa na watu," akasema. Akaandika kitu kwa kitabu, akakifunika na mkono kama mtoto anayeficha jibu la mtihani. "Tutaona."

Tutaona ya mtu wa ofisi haina mkono wala mguu. Nikaamua nimwambie yule mama ukweli, achukue Mwea.

Alhamisi nikamkuta nyuma, anaanika mopu kwa ua. Nikasema yote. Sina mtu, sijawahi kuwa na mtu, mimi ni kabichi imepata sare.

Akaniuliza, "Na mbona hawakutumi mochari?"

"Wanaogopa."

"Wanaogopa nini?"

"Mtu wangu."

"Ehe! Si umesema hauna?"

"Sina! Wao ndio wanafikiria niko naye."

"Watu wote wa hii hospitali wafikirie kitu hakiko?" Akatikisa kichwa. "Wewe sema tu umempa mwingine hiyo nafasi. Ama ni kwa sababu mimi ni wa kuja. Sema. Lakini usinifanye mjinga na mopu mkononi."

Akaingia ndani. Nimewahi kudanganya watu wengi na wakaniamini bila shida. Siku ya kwanza kusema ukweli kutoka rohoni, nikaachwa nikiangalia mopu kumi na mbili zikidondoka maji.

Ijumaa asubuhi nikamtafuta mapema, kabla hata hajavaa glavu. Nilisimama wima, uso nikaukaza kama mtu aliyetumwa.

"Nimetoka kwake," nikasema.

"Kwa nani?"

"Mkubwa. Amesema uchukue ya Mwea. Hapa mambo si mazuri."

Mopu ilianguka yenyewe. "Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Kumbe yuko!"

"Yuko."

"Na jana ulinificha kwa nini?"

"Hakuwa amenikubalia niongee."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alinisamehe papo hapo, na hiyo iliniuma kushinda yale matusi ya jana. Akapiga simu Mwea pale pale kwa korido, akaniambia nimwambie mkubwa Mungu ambariki, nikasema nitamwambia. Jumapili akaondoka na watoto wawili, godoro moja na sufuria zikipigana kengele.

Mwisho wa mwezi orodha ikabandikwa kwa ukuta karibu na famasia. Klina wote walikuwa pale, wananusa karatasi. Mimi nikachungulia juu ya mabega yao bila haraka, kwa sababu nilijua. Nilijua vibaya. Jina lake lilikuwa la tatu.

HR akatoka ofisini akaniona. "Mtu wako yuko wapi?" akauliza mbele ya wote. "Nilimwandika siku ile ile ulikuja. Mbona haji kuweka sahihi?"

Nikatoka nje mpaka kwa mitungi ya oksijeni nikampigia. Alishika simu akipiga kelele juu ya kelele nyingine, mashine ya mpunga nafikiri.

"Mama, jina lako limetoka huku. Kazi ya kudumu."

Nikasikia ile mashine peke yake.

"Ni mkubwa amefanya hivyo?"

"Hakuna mkubwa. Naapa. Ni mimi nilienda kwa HR na huu mdomo wangu, na akakubali, na mimi sikujua. Nimekuharibia. Rudi, bado kuna nafasi."

"Nirudi?" Akacheka. "Ndugu yangu, siku ya kwanza hapa waliniuliza mimi ni wa nani. Nikasema niko na mtu Nyeri, na huyo mtu ako na mtu wake. Hawajanisumbua tangu siku hiyo. Hata chumba wamenipa cha kona, kiko na madirisha mawili. Nikirudi huko watoto wahame shule tena? Hapana. Mwambie asikasirike."

"Nani?"

"Wewe mwambie tu," akasema, na akakata. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananicheka.

Niliporudi ndani, HR alikuwa bado amesimama pale na kalamu. Nikamwambia harudi. Akapiga mstari juu ya jina, taratibu, akaniangalia.

"Basi nafasi iko. Fikiria ni nani mwingine tumpe, uniambie Jumatatu."

Akaenda. Klina wanane waliokosa walikuwa nyuma yangu. Kila mmoja alikuwa amesikia. Halafu yule aliyekuwa karibu zaidi, mama mzee kidogo ambaye tangu nianze kazi hatujawahi kusalimiana, akavuta kiti, akakipangusa na kitambaa chake cha kazi, akakisukuma mbele yangu.

Sikukaa. Lakini pia sikusema sina mtu. Nimeshajua hiyo inapelekanga wapi.