Futari kwa Mama Msabato

Safari yangu ya kutoka Vanga hadi Keumbu ilichukua karibu miaka ishirini. Basi halihitaji hata siku mbili, lakini mimi nilikuwa nikishuka njiani. Nilishuka Diani nikaosha sahani kwenye hoteli ya watalii, kwa kuwa cheti changu cha kidato cha nne hakikunifikisha mbali zaidi ya hapo. Nilishuka Voi nikakaanga chapati za madereva. Nairobi nilikaa sana, ndani ya jiko ambalo halikuwa na dirisha, nikiona sahani zikitoka zimejaa na kurudi tupu bila kumwona aliyekula. Narok nikachoshwa na vumbi. Kila nilipochoka nilisogea magharibi. Kurudi mashariki kungekuwa kurudi nyumbani, na mimi sikutaka mama yangu aniulize nilichopata huko nilikokuwa.

Narok ndiko dereva mmoja wa lori la avokado aliponiambia kuna mama huko Keumbu, barabara ya kwenda Kisii, ana gesti na anatafuta mpishi Mwislamu.

"Ni Mwislamu?" nikamwuliza.

"Ni Msabato. Nenda ukaone mwenyewe."

Nikapanda basi. Tulipopita Bomet hewa ikabadilika, na baada ya Sotik majani ya chai yakaanza, kijani kibichi kilichokatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi. Mvua ilikuwa ikinyesha. Nilishuka Keumbu nimevaa shati la mikono mifupi, nikasimama kando ya mikungu ya ndizi iliyopangwa hadi ukingoni mwa lami, nikitetemeka. Wanawake waliokuwa wakiuza walinitazama wakacheka kwa Kikisii. Sikuhitaji mkalimani.

Mwenye gesti alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu walio shamba la pili. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akaingia ndani, akatoka na sweta la marehemu mumewe.

"Vaa hii kwanza. Mpishi akikufa nitasema nini?"

Kisha akanieleza shida yake. Gesti za jirani zilikuwa na baa na ndizo zilizojaa. Yake haikuwa na pombe, kwa ajili ya dini yake. Wanunuzi wa avokado kutoka Mombasa walikuwa wakija kila msimu, watu watulivu wasiokunywa, wageni hasa wa nyumba kama ile. Lakini walikuwa wakimpita, wanakwenda kulala Kisii mjini.

"Mimi sinywi," aliniambia, akihesabu kwa vidole. "Nguruwe sili. Damu sili. Tumbaku sivuti. Sasa wananiogopea nini?"

Nilimweleza habari za kuchinja, na sufuria, na maji ya chooni, na mahali pa kuswalia. Alisikiliza kama mtu anayesikia habari za majirani zake mwenyewe. Mwisho akasema, "Hayo yote? Nilidhani ni kitu kigumu."

Tukaanza. Nyama tukawa tunaichukua kwa mchinjaji Mwislamu mjini Kisii, na kuku wa pale nyumbani niliwachinja mimi. Hapo palikuwa na ugumu kidogo, maana kwao kuku wa mgeni huchinjwa na mtu wa nyumba ile, ndiyo heshima yenyewe. Mgeni akichinjiwa na mgeni mwenzake amekaribishwa na nani? Mama alilifikiria siku nzima. Akaamua kwamba yeye atamchagua kuku, atamkamata kwa mikono yake, na atamshika miguu huku mimi nikisoma bismillahi na kuchinja. Ndivyo tulivyofanya tangu siku hiyo, yeye akigeuza uso pembeni.

Kibla kilikuwa upande wa vilima vya Nyamira. Mama alimwagiza mchongaji atengeneze mishale ya mawe laini ya Kisii, mmoja kwa kila chumba. Yule fundi akaona mshale mtupu ni umaskini, akachonga kwenye ncha ya kila mmoja ndege mwenye mdomo mrefu. Nikamwambia mama kwamba haifai, mtu haswali akiwa ameelekea sanamu ya ndege.

"Lakini anaangalia Nyamira vizuri kabisa," alisema kwa masikitiko.

Ndege wakahamia sebuleni, vyumbani ikaja mishale mitupu.

Chakula kilituchukua muda. Nilipowapikia watu wa nyumba ndizi mbichi kwa nazi, mkwewe mama, mke wa mwanawe, alionja akauliza kama nimetia sabuni. Mimi nami nilihangaika na chinsaga, mboga yao chungu inayochemshwa mpaka ukate tamaa, kisha ikatiwa maziwa. Lakini ugali wa wimbi ukiwa moto ndani ya kikapu chake, na kuku mwenye mchuzi pembeni, wageni wa pwani waliula wakaomba tena. Wakaanza kuleta wenzao.

Sharti moja tu mama alilitia tangu siku ya kwanza. Ijumaa jua likizama, moto unafunikwa, na hauwashwi tena mpaka Jumamosi jua lizame. Nikamwambia mimi si Msabato, naweza kuwapikia wageni.

"Amri haikunitaja mimi peke yangu," akasema. "Imemtaja mtumishi, imemtaja ng'ombe, imemtaja na mgeni anayelala kwangu. Wewe ni mtumishi na ni mgeni. Umeshikwa mara mbili."

Kwa hiyo Ijumaa tulipika mapema, tukaweka sufuria ndani ya kapu kubwa lililojazwa majani makavu ya migomba, tukalifunika kwa blanketi. Lilitunza joto hadi asubuhi. Mchana wa Jumamosi watu walikula vuguvugu na hakuna aliyelalamika.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Ramadhani. Wanunuzi watatu walipiga simu kwamba wangefika Ijumaa na kukaa hadi Jumapili. Habari hizo zilimfikia shemeji yake mama, mdogo wa marehemu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa. Alikuja na mwavuli wake mweusi, akakaa bila kuvua kofia.

"Mke wa kaka," akasema, "watu wanaongea. Wanasema hapa kwako Sabato wanapikiwa Waislamu."

"Nani ameona moshi?"

"Hakuna ameona. Lakini hiyo Jumamosi inakuja, hao watu watakula jua likizama, na saa ya kuwapikia bado ni Sabato. Tukiona moshi, ile meza itatayarishwa na mtu mwingine."

Mama alikuwa shemasi. Kila robo ya mwaka wakishiriki Meza ya Bwana, yeye ndiye aliyeoka ule mkate usiotiwa chachu na kutandika kitambaa cheupe. Kazi hiyo alikabidhiwa na mama mkwe wake akiwa bi harusi, na mama mkwe alikabidhiwa na wa kabla yake. Meza iliyofuata ilikuwa wiki chache tu mbele. Shemeji alipoondoka, mama alikaa akiwatazama wale ndege wa mawe.

"Niwaambie wasije?" nikauliza.

"Mgeni humwambii asije," akajibu. "Hiyo nayo ni dhambi. Hata kanisani wanajua."

Ijumaa ilipita vizuri. Wageni walifika alasiri, chakula kikaiva jua likiwa bado juu, na tulipofunika moto wao walikuwa wanafungua saumu. Daku ilitoka kwenye kapu la majani ya migomba, bado ina joto. Mkubwa wao, mzee mwenye ndevu nyeupe ambaye wenzake walimwita Ami, aliingiza mkono kwenye yale majani akacheka. "Wallahi mama huyu ana moto usiowaka."

Jumamosi ikawa ngumu. Wakulima wote walikuwa kanisani, hakuna wa kuuza hata avokado moja, kwa hiyo wageni walishinda ndani. Adhuhuri mvua ikaanza, mvua ya kule isiyo na haraka, na baridi ikaingia kwenye sakafu. Ami alikuwa na kikohozi. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni amejifunika shuka mbili, midomo imekuwa ya majivu, na kila akikohoa mama alisimama mlangoni akamtazama. Kwenye kapu kulikuwa na uji wa wimbi, lakini ulikwisha poa. Mwenzake mmoja alimshauri afungue kwa sababu ya ugonjwa, dini inaruhusu. Ami akasema ataona.

Karibu na jioni niliingia jikoni nikamkuta mama mbele ya jiko. Makaa yalikuwa yamepangwa. Sufuria ya uji ilikuwa juu. Mkononi alikuwa na kiberiti, na njiti moja ilikuwa imetolewa.

"Yule mzee atafungua na uji wa baridi," alisema bila kugeuka. "Nyumbani kwangu. Mgeni mgonjwa, na mimi nimesimama nangoja jua."

Ningesema washa, ningekuwa nimemvua kitambaa chake cheupe. Ningesema usiwashe, mimi ni nani? Nikaenda sebuleni nikamwambia Ami kinachoendelea jikoni, kwa maneno machache.

Ami akainuka na shuka zake, akatembea mpaka mlango wa jikoni.

"Mama," akasema, "mimi leo nimeshinda na njaa kwa ajili ya Mola wangu. Na wewe je, umeshinda na baridi kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yake huyo huyo."

"Basi usije ukaivunja Sabato yako, jua likiwa mlangoni, kwa sababu ya koo langu. Tungoje pamoja."

Mama akairudisha njiti ndani ya kiberiti, lakini kiberiti hakukiweka chini.

Ndipo shemeji alipoingia na mwavuli wake, anatoka kanisani. Alitazama jiko, akatazama makaa meusi, akatazama kiberiti. Alikaribishwa akakaa sebuleni pamoja na Waislamu watatu na mimi, kila mtu ametazama dirisha ambalo halikuonyesha jua wala dalili ya jua, mawingu tu. Mezani kulikuwa na tende walizokuja nazo wageni, maji, na ndizi mbivu za mama.

Kijana wao mmoja alikuwa amefungulia redio kwenye simu, stesheni ya Mombasa. Ghafla adhana ya magharibi ikasikika. "Alhamdulillahi," akasema, na mikono mitatu, na wangu wa nne, ikaenda kwenye tende.

"Bado!"

Ilikuwa sauti ya mama, ile ya kuita watu wa shamba la pili. Tuligutuka wote. Tende ya Ami ilikuwa imefika kwenye ndevu.

"Mama, wameadhini," akasema kijana.

"Wameadhini Mombasa. Hapa ni Keumbu. Jua linawaacha nyinyi kwanza, sisi linatufikia baadaye. Mimi nalingojea kila Jumamosi tangu niko mgongoni kwa mama yangu, nalijua hata likijificha. Wekeni chini. Mmeshinda siku nzima, mtaharibu kwa kitu kidogo hivyo?"

Shemeji akatoa mfukoni kadi ya kanisa yenye saa za machweo, akasogeza miwani, akaangalia saa yake. "Ni kweli," akasema. "Bado kidogo, robo saa hivi." Kisha, kwa sauti ya mtu anayejishangaa, "Hata hawa tunaweza kuwaangalizia."

Tukarudisha tende kwenye sahani. Redio ikazimwa. Hata leo nikikumbuka kungoja kule, siwakumbuki sana wao. Nakumbuka kwamba Vanga ilikuwa tayari usiku. Mama yangu alikuwa ameshakunywa maji yake, ameshaswali, sahani zimeshatandikwa. Kwetu walikuwa wanakula, na mimi nilikuwa mahali ambapo jua halijazama.

"Sasa," akasema shemeji.

Tulisikia njiti ikiwaka jikoni. Ami alifungua kwa tende na maji, akainua mikono kuomba dua, na humo ndani ya dua nilisikia akiiombea nyumba ile. Tulipomaliza kuswali, tukiwa tumeelekea Nyamira, uji ulikuwa unachemka. Shemeji aliomba tende moja, akaila taratibu, akauliza inapandwaje. Kisha akainuka na kumwambia mama kwa Kikisii maneno mafupi. Baadaye nilimwuliza alisema nini.

"Ameniuliza kama nina unga wa kutosha wa ule mkate," akasema mama, na akageukia jiko haraka.

Meza ile aliitandika yeye, na zilizofuata. Minong'ono haikwisha, sitadanganya. Kuna familia mbili hadi leo hazili kwake. Lakini shemeji mwenyewe alianza kupita Jumamosi za Ramadhani na kadi yake mfukoni, akijifanya amepitia tu.

Mimi nilikaa msimu mmoja zaidi. Kazi ilikuwa imeshika. Mkwewe mama alikuwa anapika ndizi kwa nazi kunishinda, na mchinjaji wa Kisii aliahidi kupita kwa ajili ya kuku. Ila kila jioni, jua la Keumbu likichelewa vile, nilihesabu kwamba kwetu wameshakula. Siku moja nikamwambia mama nataka kwenda.

"Ukasogee magharibi tena? Utaanguka ziwani."

"Nakwenda nyumbani."

Akasema niondoke Ijumaa, mapema, ili aweze kunipikia. Nikaenda kuswali Ijumaa Kisii, nikarudi kuchukua begi. Alikwisha mkamata kuku. Alimshika miguu, nikasoma, nikachinja, na safari hii hakugeuza uso. Nyama na ugali wa wimbi alivifunga kwenye jani la mgomba lililopashwa moto, akanisindikiza hadi barabarani mwenyewe, akapigia basi mkono. Nilitaka kuvua sweta.

"Wewe acha," akasema. "Bomet kuna baridi."

Tulipofika Sotik, jua likazama. Abiria wenzangu walikuwa wanaongea habari za bei ya chai. Mimi nililitoa lile jani kwenye begi, nikaliweka mapajani. Lilikuwa bado lina joto.