Katibu wa Ligi na Nyavu za Agnesi

Kila ligi ya mkoa inapofunguliwa, katibu hukikaba kipaza sauti kama shingo ya kuku, hukipuliza, hujifuta midomo kwa leso, ndipo aanze historia. Huwataja wenyeviti wote, wazima na marehemu, hata lori lililokwama matopeni na timu ya Kasanga. Mzee Valerian husimama juani akingoja jina moja tu, la marehemu mkewe, Agnesi, aliyeshona nyavu za kwanza za magoli kutokana na nyavu chakavu za wavuvi, akawa anaziziba kila mwaka hadi alipofariki. Na kila mwaka katibu humpigapiga begani: "Shikamoo, mzee wangu. Safari hii namtaja."

Leo katibu alimtaja mpaka mwenye mbuzi wa zawadi, akakohoa, akaketi. Valerian akasonya. Kabla ya mapumziko shuti likatoboa wavu, watu wakaanza kuzozana kama ni goli au si goli. Katibu akaja mbio, leso mkononi.

"Mzee wangu, ile sindano ya mama Agnesi bado ipo?"

"Kumbe jina unalijua!" alisema Valerian. "Ipo nyumbani. Kaliseme kwenye kipaza sauti, ndipo niifuate."