Nilikwenda Doha Kumzuia Mwakio Asiende Meksiko

Safari yangu ilianza na ujumbe wa simu. Mdogo wangu Mwakio, ambaye ni mlinzi wa hoteli huko Doha, alimwandikia mama kwamba mkataba wake ukiisha hatarudi Voi. Atapanda ndege hadi Brazili, ashike barabara mpaka Meksiko, kisha avuke mpaka aingie Marekani. Alimalizia kwa kumtakia mama Jumapili njema.

Mama alinisomesha ujumbe huo mara kadhaa, kana kwamba ungebadilika. Mimi ni muuguzi wa zahanati, na likizo yangu ilikuwa karibu. Nilikuwa nimepanga kuitumia kupaka nyumba rangi.

"Nenda umwambie arudi," mama alisema. "Akikataa, mwangalie vizuri, uje uniambie amekuwaje."

Uwanja wa ndege wa Nairobi ulikuwa umejaa wasichana waliovaa fulana za rangi moja, wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani. Afisa aliniuliza ninakwenda Doha kufanya kazi gani. Nilimwambia ninakwenda kuzungumza na mdogo wangu. Alinitazama kidogo, akagonga muhuri. Ndani ya ndege, msichana aliyekaa kando yangu aliniuliza kama mchanga wa huko ni sawa na wetu. Nilimwambia sijui. Basi akalala begani kwangu mpaka tulipotua.

Doha ilinipokea kwa joto la kufungua mlango wa tanuri. Mwakio alikuwa akinisubiri, shati limepigwa pasi, mwembamba kuliko nilivyomwacha. Tulipanda metro kuelekea Al Rayyan.

"Dada, hii treni haina dereva," aliniambia. Alisubiri tuwe tumeshaondoka ndipo akaniambia.

Nyumba yao ya walinzi haipokei wageni wa kike, kwa hiyo alinipeleka kwa Zuhura, mama wa Mombasa anayefua nguo katika hoteli hiyo hiyo. Zuhura alinitazama, akatazama begi langu.

"Umekuja kumrudisha, sivyo? Haya, kula kwanza."

Kesho yake, baada ya zamu, Mwakio alinitembeza ufukweni. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilimweleza habari za misitu ya njiani kati ya Brazili na Meksiko, mito, malaria, nyoka. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Dada, mimi nimesimama kwenye mlango mmoja miaka hii yote. Nawafungulia watu wanaoenda mahali. Na mimi nataka kwenda mahali."

Niliuliza kama kuna sehemu ya kununua maji.

"Ijumaa nitakupeleka kwa Rogelio," alisema. "Yeye ni Mmeksiko, ni mpishi wetu. Ile njia anaijua. Ukimsikia utatulia."

Nilielewa baadaye kwamba Rogelio alikuwa akipita kwenye mlango wa Mwakio kila siku na kumwachia chakula. Mwakio aliposikia mtu huyo ametoka Meksiko, aliamua kwamba ameletewa na Mungu. Rogelio mwenyewe hakuwa ameambiwa.

Ijumaa jioni tulichukua basi hadi Al Wukair, kwenye majengo mapya yanayofanana hivi kwamba Mwakio alibisha mlango wa watu wengine kwanza. Rogelio alikuwa mtu mnene mwenye masharubu ya mvi. Alitupikia maharage, nyama iliyochemshwa na pilipili kavu, na chapati nyembamba za mahindi. Tuliongea Kiingereza, kila mmoja na cha kwao.

Mwakio hakusubiri. Alimuuliza ni mji gani wa mpakani ulio rahisi.

Rogelio alichukua chapati moja, akaiinua. "Hii ndiyo Meksiko ya babu wa babu yangu." Akaichana katikati. "Texas ilitangulia kuondoka. Kisha jirani yetu Marekani akaja na jeshi mpaka mji mkuu wetu, na alipokwenda zake alikwenda na hii nyingine. California na kila kitu kilicho katikati." Alichovya nusu ya juu kwenye mchuzi, akaila. "Kwa hiyo tukiuliza mji rahisi, inategemea karne."

Mwakio alicheka. Rogelio hakucheka.

Alitueleza kwamba wakati wa vita vikuu vya pili vya dunia jirani alipungukiwa na watu wa mashambani, akawaita. Babu yake alikuwa mmoja wao. Alienda na karatasi halali, akavuliwa nguo mpakani na kupuliziwa dawa ya wadudu, kama ng'ombe kwenye josho. Alichuma mboga miaka kadhaa. Kazi ilipokwisha, aliambiwa arudi kwao.

"Na wewe?" nilimuuliza.

"Mimi sikuitwa. Nilizamia bila karatasi, nikaosha vyombo Arizona. Wakanirudisha. Nikaenda tena, wakanirudisha tena. Mara ya mwisho afisa alinikumbuka kwa jina, akaniuliza habari za mama."

Alituongezea maharage. Alisema dawa za kulevya hupanda kwenda kaskazini kwa sababu wanunuzi wako huko, na bunduki hushuka Meksiko kwa sababu maduka yake yako huko huko kaskazini. Siku serikali mbili zinapotukanana, biashara hiyo haipumziki.

"Lakini mtu akipata watu wazuri wa kumpitisha?" Mwakio aliuliza. "Kuna maboyz wa kwetu walifika."

"Wapo wanaofika," Rogelio alisema. "Mdogo wangu Beto hakuwa anapita kwenda popote. Alikuwa fundi wa magurudumu, katika mji wetu, karibu na mpaka. Siku moja alifungua karakana asubuhi, na mchana haikuwa na mtu. Redio ilikuwa inaimba."

Mama yao alikwenda polisi. Huko waliuliza kama Beto alikuwa na marafiki wabaya. Alipochoka kuulizwa, alijiunga na akina mama wengine wanaotafuta watoto wao. Huenda jangwani na vyuma virefu. Huvichoma ardhini, huvitoa, kisha hunusa ncha.

"Wananusa nini?" Mwakio aliuliza.

Mimi ni muuguzi, nilijua: harufu ya maiti. Rogelio alikuwa anakusanya sahani. Mwakio alimpa yake ikiwa bado na nyama.

Kwao ilikuwa asubuhi. Rogelio alimpigia mama yake, Bi Amparo, kwa video, na kwenye simu akatokea mama mfupi mwenye kofia pana, amesimama kando ya gari. Nyuma yake wanawake walikuwa wakivaa glavu. Rogelio alizungumza naye kwa Kihispania, akimwonyesha Mwakio. Bi Amparo alimtazama mdogo wangu kwa makini, akatabasamu, akauliza kitu.

"Anasema karibu sana," Rogelio alitafsiri. "Anauliza una alama gani mwilini. Kovu, jino, mchoro wowote. Ili ukipita huko, akujue."

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mwenyeji anayetaka kujua mgeni wake atakula nini.

Niliyejibu ni mimi. "Ana kovu refu chini ya goti la kushoto. Alianguka kwenye waya. Jino la juu, la pili kutoka mbele, limevunjika pembeni. Mkono wa kulia ulivunjika utotoni, mfupa ulikaa vibaya kidogo." Nilikuwa natumia sauti yangu ya kazini.

Rogelio alipomtafsiria, Bi Amparo aliitikia kwa kichwa kuonyesha amepokea. Akatuaga. Walikuwa wanataka kuanza kabla jua halijawa kali.

Ndani ya basi la kurudi Al Rayyan, Mwakio alikuwa ameshika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, pale penye mfupa.

Siku ya kuondoka alinisindikiza uwanjani. Tulipofika mlangoni alisema ameongeza mkataba hotelini, na ameomba ahamishiwe jikoni. Rogelio amekubali kumfundisha.

"Kwa hiyo hurudi nyumbani," nilisema.

"Sirudi bado. Na huko siendi."

Voi niliingia asubuhi. Mama aliuliza kama anarudi, nikamwambia anabaki Doha. "Asante Mungu," alisema, akakaa chini. Nilimweleza amekuwaje, kama nilivyoagizwa, kisha nikamweleza habari za Bi Amparo. Aliniuliza mara mbili jina la yule fundi.

Jumapili, kanisani, mama alisimama akaomba watu wamwombee Beto, aliyepotea. Mzee wa kanisa alimuuliza kijana huyo ni wa wapi.

"Wa mpakani," mama alisema.

Watu wakadhani Taveta. Pale sisi huvuka kwenda Tanzania kununua vitunguu na kurudi kabla ya chakula cha mchana, na nilikuwa nimefikiri mipaka yote iko hivyo. Wakainamisha vichwa na kumwombea kwa bidii, kama mtoto wa jirani. Sikuwasahihisha.