Kibao Kwenye Geti la Majimbo

Mpaka leo nikipita Embu mjini navuta kofia mpaka kwenye nyusi, na mkiahidi kutonicheka sana nitawaambia kwa nini.

Nilikuwa nimetoka Ishiara kwa mkutano wa walimu, nikafika mapema, nikaona nizunguke mtaa wa Majimbo nikipiga picha vibao vya kuchekesha (huo ndio ugonjwa wangu, na kikundi chetu cha walimu kwenye simu kinaujua). Nikakuta geti la mabati lina kibao cha rangi nyekundu: NYUMBA HAIUZWI. BWANA YANGU AKIKUAMBIA INAUZWA NI UONGO. Nikacheka peke yangu, nikapiga picha, nikaituma kikundini na maneno ya mzaha, halafu tamaa ikaniingia, nikataka geti lote lionekane, basi nikaanza kurudi nyuma na kwenda kando hatua moja moja, macho kwenye simu, kutoka pembe hii ya ua hadi ile.

Kumbe aliyekuwa akinichungulia aliona mtu anapima ploti.

"Ni wewe umetumwa kupima?" Mama mmoja alitoka mbio, mikono imejaa unga. "Majirani, broka wa kuuza nyumba amekuja!"

Dakika haikuisha nikawa nimezungukwa, fundi wa pikipiki mbele yangu na spana mkononi.

"Mama, mimi ni mwalimu tu."

"Hata ule wa juzi alisema ni pasta," fundi akajibu.

Nikampa mama simu ajionee ni picha tu (hapo ndipo nilipojimaliza), maana kikundi kilikuwa bado wazi, na yeye akasoma kwa sauti nilichoandika: "Hapa ndoa ilikufa zamani, hiki ndicho kibao cha kaburi." Chini yake, walimu wenzangu wanacheka.

Spana ikashuka. Hakuna aliyetaka kunipiga tena, nami nikatamani wangenipiga.

"Mwalimu," mama akasema polepole, "hiyo kibao niliandika watoto wakiwa shule, ndio wasinione nikilia."

Nikaomba msamaha mpaka maneno yakaniishia, nikafuta picha mbele yake, nikawasihi wenzangu wafute pia. Akanirudishia simu ikiwa na unga, akaingia ndani, akafunga geti bila hata kunitukana. Ya mkutanoni siku hiyo sikusikia hata moja.

Nimeapa: mambo ya mtu yakiandikwa getini kwake, nitasoma, nitanyamaza, nitapita.